Mkono Uliokumbukwa na Chungu

Vigae nilivifunga ndani ya kitenge changu cha kanisani, nikavibeba kifuani kama mtu anayebeba kuku mgonjwa. Mlinzi wa maabara alinifungulia geti kabla sijabisha hodi. Alitaka kunipokea mzigo, nikakataa.

"Basi Bibi, mimi nitabeba mwavuli," akasema. Akatembea nami hadi mlangoni, mvua ikimlowesha yeye bega zima.

Nilikuwa na hasira siku ile, lakini bega lile nililiona.

Maabara ya Vitu Yabisi imejengwa huku kwetu milimani Upare, juu kidogo ya kanisa. Nakijwa, mke wa mwanangu Mcharo, anafanya kazi pale. Kitu kikivunjika, kiwe mfupa au mhimili wa lori au mlango wa duka, wao wanavipima vipande vyake na kukijengea pacha ndani ya mashine, halafu pacha anaonyesha namna kilivyovunjika. Mahakamani siku hizi pacha anaaminiwa kuliko shahidi mwenye macho mawili. Na mimi nilitaka shahidi. Nilitaka awe shahidi dhidi ya Nakijwa, ndiyo maana nilichagua siku ambayo yeye mwenyewe hayupo.

Aliyenipokea ni mwenzake wa kazi, Chediel, mtu mzima mwenye kipara na sauti ya chini.

"Karibu, Mama Mcharo. Nakijwa ameshuka Same, ana kesi mahakamani."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja leo."

Alikitazama kitenge. Kiti pale kilikuwa cha chuma, na chuma cha huku kwetu wakati wa mvua kinauma. Alivua sweta lake, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, halafu akanikaribisha kama vile sweta lilikuwa pale siku zote.

"Unajua, Mama, watu wanatuletea hata vikombe," akasema. "Jana wamekuja mume na mke na bakuli la supu. Kila mmoja anataka pacha aseme ni mwenzake aliyelivunja. Nikawauliza, hiyo supu ilikuwa ya nini? Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakaondoka na bakuli lao. Sasa na wewe nikuulize. Humu mlikuwa na nini?"

"Togwa."

"Basi cheka kidogo, twende tukanywe chai."

"Sikuja kucheka."

Akashusha pumzi. "Haya. Vilete."

*

Chungu chenyewe kilikuwa cha mama mkwe wangu. Hakipikiwi chakula cha kila siku. Kinashushwa rafuni siku wakwe wanapokuja, na anayekibeba mbele yao ndiye mwenye jiko la nyumba ile. Nilikibeba mimi tangu nilipoolewa. Mwaka huu wakwe walikuja kwa ajili ya binti yangu wa mwisho, Tumsifu, nikasema mbele ya wote kwamba sasa abebe Nakijwa.

Alikibeba. Alipofika katikati ya sebule kitako kilidondoka, na togwa yote ikamwagikia viatu vya baba mkwe wa Tumsifu. Viatu vipya.

Sisi tuna desturi. Kitu kikivunjika mbele ya watu, wanaosikia husema "Pole," na mwenye nyumba hujibu, "Kimekwenda na mabaya yake." Basi. Hakuna anayeuliza ni nani. Bibi zetu walijua kwamba swali hilo huvunja vingi kuliko chungu.

Mimi niliuliza. Nilisimama mbele ya wageni nikasema, "Umekishikaje?" Halafu nikaongeza, "Mikono ya kushika kompyuta kumbe haiwezi kushika chungu."

Nakijwa alikuwa amepiga magoti, anakusanya vigae kwenye upande wa khanga yake. Alikitazama kimoja kwa muda mrefu, akakigeuza. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama."

Wifi yangu Nambua, dada wa marehemu mume wangu, alilidaka neno lile. "Mikono isiyojua chungu haijui mtoto," akasema. Kufikia jioni alikuwa ameshaitisha kikao cha Jumamosi. Shauri lake lilikuwa hili: Nakijwa ahamie kwenye nyumba za wafanyakazi kule maabara, Mcharo awe anakwenda na kurudi, na mjukuu wangu Nanzia, ambaye hajatimiza miaka minne, abaki kwangu alelewe vizuri.

Nilimwambia Nakijwa, "Wewe si unafanya vitu viseme? Kipime hicho chungu tujue."

"Vya nyumbani sipimi, Mama."

"Unaogopa."

"Nitahama, Mama. Lakini Nanzia nitaondoka naye."

Nililala na neno hilo. Nilikumbuka makosa yake yote. Nilikuwa na vikombe vyangu vya udongo, akavifungia kabatini akaniletea vya bati, kama vya wafungwa. Birika langu alilibadilisha, akaleta lenye mpini wa mbao. Na kila jioni alirudi kutoka kazini mbio, matope hadi magotini, ili amwogeshe mtoto yeye. Hata kuogesha mjukuu wangu alininyima. Nilisema, huyu mwanamke ananiondoa ndani ya nyumba yangu kidogo kidogo.

*

Chediel alivipanga vigae juu ya meza nyeusi, kimoja kimoja, bila kuvigonganisha. Taa ndogo ilivipitia. Juu ya meza, hewani, chungu kikaanza kujijenga upya, kizima, na moshi wa miaka yote ubavuni mwake. Mdomo ule ulikuwa na kovu mahali nilipokigonga na mwiko nikiwa na mimba ya Mcharo. Nilishindwa kujizuia, nikanyoosha mkono.

"Subiri, uvae hizi," akasema, akanivisha glavu nyembamba zenye nyaya. Alinivisha kidole kwa kidole, kama anavyovishwa mtoto. "Sasa kishike."

Nikakishika, nikausikia uzito wake. Nilikuwa nimeshakililia chungu kile, na sasa kilikuwa mikononi mwangu.

"Unakibana sana upande wa kulia, Mama," Chediel akasema, akitazama namba zake.

"Nakipenda."

Akatabasamu. Alinieleza kazi yao kwa maneno ya kawaida, wala hakuona uchovu. Alisema pacha hujengwa kwa chembe, nyingi kuliko mchanga wa mto, na kila chembe huambiwa uzito wake na nguvu inayoishikilia kwa jirani yake. "Hatuiambii kitu kingine. Halafu mashine inakiangusha chungu, inakigonga, inakichoma, kwa kila namna unayoweza kufikiria, mpaka ipate namna moja inayotoa vigae hivi hivi ulivyoleta. Kila ukingo, kila unga."

"Kwa hiyo inabahatisha."

"Inabahatisha mpaka inakosa pa kubahatisha."

Tukangoja. Akanivua glavu, akaniletea maji ya moto kwenye kikombe, akakizungushia kitambaa kabla ya kunipa. Baadaye mashine ikalia kidogo, na chungu kilichokuwa hewani kikajaa togwa. Mikono miwili ikatokea ubavuni mwake. Ilikuwa mikono tu, myeupe, haina mwenyewe.

"Angalia," akasema. "Huyu ameshika vizuri. Mikono yote miwili iko ubavuni, juu kidogo ya kitako, vidole vimetawanyika. Huwezi kushika chungu vizuri kuliko hivi."

"Lakini kimedondoka."

"Kitako kimetoka mikono ikiwa bado imebana. Ona." Akairudisha taratibu. Ufa ulikuwa pale tangu mwanzo, mwembamba kama unywele, umezunguka kitako nusu. Ndani yake togwa ilikuwa imeshaanza kupenya. "Chungu hiki kilipasuka kabla ya kujazwa. Saa chache kabla. Alipokibeba, kilikuwa kimeshakufa."

Sikuelewa. Au nilianza kuelewa, nikakataa. "Rudi nyuma," nikamwambia.

Akarudi nyuma. Mikono miwili ikatoweka. Chungu kikawa kitupu, kimelowa, kimeinama, kimeshikwa mdomoni na mkono mmoja wa kulia. Dole gumba ndani, vidole nje. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekaa pembeni, hakishiki kitu. Nikaona chungu kikiteleza, kidogo tu, upana wa kidole, na mkono ule haukujua. Ulibaki vilevile, umetulia, kama mkono wa mtu aliyesinzia. Kitako kikagusa ukingo wa jiwe.

Mashine ikatoa na sauti. *Ko.*

Niliijua sauti ile.

Alfajiri ya siku ya wakwe nilikuwa peke yangu kwenye karo la kufulia, nakiosha chungu, nikasikia *ko* karibu na miguu yangu. Nikasema, "Ndoo hii nayo!" Nikaisogeza ndoo kwa mguu, nikaendelea kuosha. Chungu kabla ya kujazwa hugongwa kwa kifundo cha kidole, na kama ni kizima kinaitika. Hiyo ni kazi ya anayekishusha rafuni. Sikukigonga. Nani hugonga chungu alichokiosha mwenyewe?

Pembeni mlango wa kisanduku ulifunguka. Mashine hiyo, kwa kuwa hufanya kazi za mahakama, ikishaujua mkono huutengeneza kabisa, kitu cha kushika, cheupe kama chokaa. Chediel aliutoa bila kuutazama.

"Sasa huyu wa kwanza ni mtu mwenye umri," akaanza, "na kidole chake cha mwisho kimepinda kuelekea..."

Macho yake yakashuka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya kitenge. Kidole cha mwisho kilipinda nilipokuwa msichana, kilibanwa na mlango wa ghala.

Aliuweka mkono mweupe mezani taratibu, kiganja chini. "Ngoja nikaone kama chai imechemka," akasema, akatoka, akafunga mlango. Chai haikuwa imewekwa motoni. Alinipa nafasi, ili nisitazamwe.

*

Nilikaa na mikono mitatu. Miwili yangu, na ule.

Niliuchukua kwa mkono wa kushoto, ulikuwa baridi. Nikauchukua kwa wa kulia, haukuwa na baridi wala joto. Nikakitafuta kikombe cha maji ya moto nilichopewa, nikatoa kitambaa, nikakishika kwa kulia. Sikusikia kitu. Nikakishika kwa kushoto, nikakiachia haraka.

Hapo vitu vikanirudia kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuja kimegeuzwa upande wa pili. Vikombe vya bati havivunjiki vikiponyoka. Mpini wa mbao hauunguzi. Na Nakijwa anayekimbia kwenye matope kila jioni ili awahi saa ya kuoga. Kabla hajaanza kukimbia hivyo, kuna jioni nilimwogesha Nanzia mimi. Niliyajaribu maji kwa mkono wa kulia, nikayaona sawa. Mtoto akapiga kelele, "Bibi, maji! Maji!" Nikamwambia aache deko. Nakijwa aliingia, akamtoa kwenye beseni bila kusema neno, akampaka mafuta mgongoni, muda mrefu. Nami nilinuna kwa sababu hakunisalimia.

Nilitamani sakafu ipasuke nami niwe kama kile kitako.

Chediel aliporudi alikuwa na chai kweli, ya tangawizi. Aliketi, lakini hakunikabili, alielekea dirishani.

"Mama, sheria iko hivi. Mwenye kitu akisema pacha afutwe, anafutwa, ilimradi hajaweka kidole cha kuthibitisha. Ukisema nifute, nafuta. Mkono huo tunausaga. Mimi nimeona chungu tu."

"Na nikiweka kidole?"

"Anakuwa wa kudumu. Na mkono usiohisi lazima tuwaarifu watu wa afya wa kata." Alisita. "Bibi Eliamini wa kule ng'ambo ya bonde, alileta sahani tu. Sasa jiko lake limetolewa, anapikiwa. Hawezi kubaki peke yake na mtoto. Wanasema ni kwa faida yake mwenyewe."

"Ni kwa faida yake mwenyewe," nikasema, na sauti yangu sikuipenda.

"Nakijwa naye nikwambie," akasema. "Siku ya pili baada ya wakwe alikuja na kigae kimoja mfukoni. Alikitazama kwenye lenzi, akakirudisha mfukoni. Akaniambia, mama mkwe wangu akija na vigae, mwambie mashine ni mbovu."

"Mbona hukuniambia ni mbovu?"

"Ulikuja na mvua, umebeba mwenyewe. Nilidhani una haki ya kujua. Sasa sijui kama nilifanya vizuri."

Nilinywa chai ile mpaka mwisho. Nitasema kweli, maana hakuna faida ya kupamba. Nilitaka afute. Nililiona jiko langu, mafiga yangu, nikaona jinsi Nambua atakavyokuja na kukaa mlangoni anipikie huku anaimba. Nikawaza, Nakijwa mwenyewe ameshakubali kuhama. Ni kijana, atasahau. Neno lilikuwa limefika ulimini. "Fu—" nikasema.

Chediel akainua mkono kuelekea mashine.

Nikaona anavyoinua. Taratibu, kwa huzuni, bila kunihukumu. Alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili yangu, kama Nakijwa. Nikahesabu moyoni watu wanaobeba mzigo wangu wakati mimi nimeketi juu ya sweta la mtu.

"Niletee hicho cha kuwekea kidole," nikamwambia.

Akaleta kibao kidogo cha kioo. Nikaweka dole gumba la kulia.

"Nimebonyeza?"

"Bado, Mama. Bonyeza tena."

Nikabonyeza. "Sasa?"

"Bado." Akakichukua kidole changu kati ya vidole vyake viwili, akakishusha polepole hadi kioo kikawaka. "Sasa," akasema, na hakukiachia mara moja.

*

Jumamosi mchana sebule ilijaa. Nambua alikalia kiti cha kaka yake. Mcharo alikuwa anatazama sakafu, palepale togwa ilipomwagika. Nakijwa alikaa karibu na mlango, begi miguuni, Nanzia amelala mapajani mwake.

Nambua alianza. "Sisi hatumfukuzi mtu. Tunasema tu, kila mkono na kazi yake. Wa kompyuta uende kwenye kompyuta. Mtoto abaki kwenye mikono inayojua. Wifi, sema basi, ni chungu chako."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka maabara, nikayaacha. Watu wote walikuwa wananitazama kwa heshima, na heshima ile iliniunguza kuliko kitu kingine. Nikaingiza mkono kwenye kapu, nikautoa ule mweupe, nikauweka mezani.

"Nini hiki sasa?" Nambua akasema. "Umenunua sanamu?"

"Mama," Nakijwa akasema kwa sauti ya chini. "Mama, usifanye hivyo. Mimi nimeshafunga begi."

Nikaweka mkono wangu wa kulia kando ya ule. Mcharo ndiye aliyeona kwanza. Akatazama kidole changu, akatazama kile kingine, akafunika uso.

"Huu ndio uliokivunja," nikasema. "Alfajiri, kwenye karo. Nakijwa alibeba chungu nilichokuwa nimeshakiua, na alikibeba vizuri. Mkono wangu hausikii. Hausikii moto wala baridi. Nilimuunguza Nanzia kwa maji, nikamwambia anadeka. Nakijwa alijua, akakubali kuitwa mjinga mbele yenu, ili mimi nisijulikane. Nami nilimtafutia shahidi kwa siri, siku hayupo."

Nambua akashuka kwenye kile kiti, akaketi mkekani. Nilingoja mtu anikemee. Ingekuwa nafuu.

Nakijwa alimhamishia mtoto kwa baba yake, akaja, akapiga magoti mbele ya meza kama alivyopiga siku ile akikusanya vigae. Hakuugusa mkono mweupe. Aliushika wangu, akakunja vidole vyangu juu ya vyake, kimoja kimoja, mpaka hata kile kilichopinda kikashika.

"Pole, Mama," akasema.

Ndilo neno nililopaswa kumwambia mimi, siku ile ya kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Jibu lake nalijua tangu utotoni. Mwenye nyumba husema kimekwenda na mabaya yake. Nilijaribu kulisema. Halikutoka, kwa sababu mabaya hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa yameketi pale, yamevaa kitenge changu cha kanisani. Nakijwa alingoja, akaona haliji, akaendelea kunishika.

Watu wa kata watakuja Jumatatu kuliangalia jiko. Mcharo ameniambia, na alinong'ona aliponiambia, kama mtu anayeomba radhi.

Jioni ile nilikaa chumbani na taa sikuiwasha. Nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa, taulo la Nanzia likikung'utwa, maji yakimiminwa kwenye beseni. Nikasikia mtoto anacheka. Nilibaki pale pale, sikuwa na haki ya kwenda.

"Mama," Nakijwa akaita kutoka uani. "Maji nimeshayapima. Njoo umsugue mgongo."

Nilikwenda nimeificha mikono ndani ya kitenge, nikatembea hivyo hadi penye beseni. Hapo nikaitoa.